Mbingu Nyekundu: Namna Wazee wa Munigi Walivyosoma Usiku



Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 mwezi wa tano 2024, mbingu iligeuka nyekundu katika inchi nyingi za dunia. Ndugu yangu mumoja anayeishi Kanada alitutumia picha kwa telefone: nyumba, miti, na juu yake mbingu yenye rangi ya zambarau na nyekundu kama kitambaa cha kanisa. Tulimuonyesha mama yake, ambaye kwangu ni mama mudogo. Yeye alizaliwa Munigi na kuzeeka Munigi. Aliangalia picha ile muda murefu, kisha akaomba tumupigie mutoto wake.

"Mulikimbilia wapi?" akamuuliza.

"Hapana mama, hatukukimbia. Tulitoka inje na batoto kwa kuangalia."

"Kuangalia tu?"

"Ndiyo, mama. Banasema ni jua ndiyo ilifanya vile."

Mama mudogo akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nyinyi muko na bahati. Kwetu huku, mbingu ikiwa nyekundu, mutu anaangalia kwanza viatu vyake viko wapi."

Tulicheka wote. Lakini maneno yale yalinibakia ndani. Watu wengine wanalipa feza nyingi na kusafiri mbali kwa kuona mbingu yenye kuwaka. Sisi wa Munigi tulizaliwa chini ya mbingu ya namna hiyo, tukafundishwa kuiangalia kila jioni, na hatukuiita starehe. Ilikuwa kazi ya ulinzi. Desturi hiyo ya kuangalia usiku haijaandikwa sana, na wale waliotufundisha wanazidi kupunguka. Ndiyo maana nimeichagua kuwa habari yangu katika kitabu hiki.

1. Mbingu nyekundu ya wengine na mbingu nyekundu yetu

Kwanza tuelewane juu ya ile picha ya Kanada. Jua halitupi mwanga na joto peke yake. Linatupa pia upepo wa chembe ndogo sana zenye umeme. Chembe hizo zikifika karibu na dunia, nguvu ya sumaku ya dunia inaziongoza kuelekea ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Huko zinagongana na hewa ya juu sana, kilomita mia moja na zaidi juu ya vichwa, na hewa inatoa rangi: kijani, nyekundu, zambarau. Kwa kawaida wanaoona mianga hiyo ni watu wa inchi za baridi. Lakini zoruba ya jua ikiwa kali, mianga inashuka mupaka inchi za joto. Tarehe 4 mwezi wa pili 1872 ilionekana hata Bombay kule Uhindi na Khartoum kule Sudani. Ile ya mwaka 2024 ilikuwa kali kupita zote za miaka 20 iliyotangulia.

Mbingu nyekundu yetu ina chanzo kingine. Haitoki kwa jua, inatoka ndani ya udongo. Nyiragongo, mulima wa metre 3,470, uko kaskazini ya Munigi, kilomita zaidi kidogo ya kumi. Kwa miaka mingi ya historia yake, ndani ya shimo lake kulikuwa ziwa la moto, moja kati ya maziwa makubwa ya namna hiyo duniani. Usiku, mwanga wa ziwa lile unapanda na kupiga moshi na mawingu yaliyo juu ya mulima, na mawingu yanakuwa mekundu. Kwa hiyo tunachoona kutoka Munigi si moto wenyewe, ni kivuli cha moto juu ya wingu. Jambo hilo ni la maana, na tutalirudilia.

Kwa wale wasioijua vizuri, Munigi ni groupement moja katika sheferi ya Bukumu, teritware ya Nyiragongo, inchi ya Bakumu. Iko pale barabara ya Rutshuru inapotoka Goma na kuanza kupanda. Mutu akisimama Munigi, kusini anaona muji na ziwa Kivu, kaskazini anaona mulima. Zamani zile, usiku, kusini ilikuwa giza tupu, na kaskazini ndiyo kulikuwa mwanga. Leo imegeuka. Nusu ya historia yetu iko katika kugeuka huko.

2. Wazee walisema nini juu ya moto ule

Wazee wa pande hizi, na wale wa Rwanda vile vile, walisimulia habari za Ryangombe, mukubwa wa mizimu. Walisema kwamba wale walioingizwa katika desturi zake, wakikufa, wanaenda kupumzika juu ya Karisimbi, mulima wa baridi ambao kichwa chake kinakuwa cheupe mara kwa mara. Jina lenyewe lina neno la simbi nyeupe ndani yake. Lakini wale waliokataa desturi wanatupwa katika moto wa Nyiragongo. Mutoto aliyelelewa na hadithi hiyo hakuangalia mulima kama kitu cha bure. Kila jioni aliona pahali pawili: peupe kwa wema, pekundu kwa wabaya.

Kisha wageni walifika. Mwezi wa sita 1894, Mudachi Gustav Adolf von Götzen alipanda Nyiragongo. Alikuwa ametoka Pangani, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, mwishoni mwa mwaka 1893, pamoja na mamia ya wapagazi na askari, akapita Rwanda kwa mwami Rwabugiri. Vitabu vya Wadachi vya wakati ule viliandika mulima wetu kwa jina la Kirunga cha Gongo. Tunaweza kufikiri wapagazi wale wa pwani, waliozoea kuona nyota juu ya bahari, namna walivyokaa kwenye moto wao wa kambi na kuangalia wingu jekundu lisilozimika hata usiku wa manane.

Kuanzia mwaka 1928 ilijulikana wazi kwamba ziwa la moto liko ndani ya shimo, na lilikaa pale mupaka 1977. Haroun Tazieff, mutaalamu wa volkano, alianza kulichunguza mwaka 1948, na akashuka ndani mara nyingi pamoja na wenzake. Ni karibu miaka 50. Wazazi wa wazazi wetu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka chini ya mbingu nyekundu bila kuikosa. Kwao, usiku usio na wekundu ndiyo ulikuwa wa kushangaza.

3. Somo la jioni

Nilifundishwa na tate yangu, mama muzaa mama, kama vile wengi wa rika langu. Chakula kikiisha, alitoka inje na kiti chake kidogo cha muti. Taa ya petroli ilibaki ndani, na aliipunguza. Alisema macho yanataka wakati ili yazoee giza; mutoto anayeangalia moto wa jiko kisha anaangalia juu hataona kitu. Ni kweli: macho ya mutu yanahitaji karibu nusu saa ili yaone vizuri katika giza.

Kiisha alianza na mulima. Alituuliza: "Leo moto iko namna gani?" Tulijibu: iko kidogo, iko mingi, haiko. Lakini jibu halikutosha. Alitaka tuseme tena wingu liko wapi. Kama wingu ni zito na liko chini, wekundu unaonekana mukubwa hata kama moto wenyewe haukuongezeka. Kama mbingu ni safi bila wingu, wekundu unapunguka, na mutu anaweza kudanganyika kwamba mulima umelala. Na kama kuna ukungu, hakuna kitu cha kuona, na hapo mutu asijidai kusema lolote. Wataalamu wa leo wanasema vile vile. Tate hakusoma hata darasa la kwanza.

Kisha alituonyesha ubavu wa mulima, chini ya kichwa. Alikuwa na neno ambalo watoto wote wa nyumba tulilijua kwa moyo: "Moto ikiwa juu, iko kwake. Ikiwa chini, ni yetu." Nitaeleza mbele kidogo kwa nini neno hilo ni la zahabu.

Kisha mulima ukiisha, zilifuata nyota. Munigi iko karibu sana na mustari wa ekweta, chini yake kidogo tu. Mutu wa hapa ana bahati ambayo wengi hawana: katika mwaka mumoja anaweza kuona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Mwezi wa tano, jioni, Musalaba wa Kusini unasimama wima juu ya ziwa Kivu. Saa ileile, ukigeuza kichwa, unaona kaskazini, juu ya Nyiragongo, nyota saba zenye umbo la sufuria yenye mukono murefu. Watu wa Ulaya hawaoni Musalaba. Watu wa kusini mwa Argentina hawaoni sufuria ile. Sisi tunaona vyote viwili bila kutoka katika kiwanja chetu. Nyota moja tu imekatazwa kwetu: ile ya Kaskazini yenyewe, ambayo mabaharia waliifuata. Kwetu iko chini kabisa, na mulima umekaa mbele yake.

Ile iliyokuwa na kazi kubwa kuliko zote ni Kilimia, kale kafungu kadogo ka nyota zilizobanana. Jina lenyewe linatoka katika neno kulima, na si kwetu peke yake: Wazulu wa Afrika ya Kusini wanaiita isiLimela, na ni neno la ukoo uleule. Mwezi wa tano Kilimia inapotea kabisa katika mwanga wa jua. Mwezi wa sita inarudi kabla ya kucha, upande wa mashariki. Ikifika mwezi wa tisa, saa kumi na nusu ya usiku, iko juu karibu na utosi, imeelekea kidogo upande wa mulima. Huo ndio wakati wa mvua kurudi na wa kupanda maharagi na mahindi. Mama aliyeamka mapema kwenda shambani hakuhitaji kalandari ya ukutani.

Tate alitufundisha pia pahali pa kukaa. Haturuhusiwi kulala katika shimo ao bonde dogo kwa kuangalia nyota, hata kama pana nyasi nzuri. Sababu ni mazuku, ule upepo mubaya unaotoka katika udongo wa volkano. Ni hewa nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na inajikusanya pahali pa chini, zaidi sana usiku na asubuyi kabla jua halijapiga. Upande wa Mugunga na Bulengo umeua watu na nyama mingi. Kwa hiyo somo la nyota lilianza na somo la kuishi: kaa juu, kaa pamoja, ujue njia ya kutokea.

4. Miaka ambayo mbingu iligeuka

Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, asubuyi, mulima ulipasuka mbavuni. Ziwa la moto lililokaa karibu miaka 50 lilitoka lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kama maji kuliko lava za milima mingi. Siku ile ilishuka kwa mbio ya gari. Watu walikufa kwa makumi, na wengine wanasema kwa mamia. Hata kundi la tembo lilifunikwa. Usiku uliofuata, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wazee waliangalia kaskazini na kuona giza.

Giza hilo lilikaa muda. Moto ulirudi mwaka 1982 kwa kipindi kifupi, ukapotea. Mwezi wa sita 1994 ulirudi tena. Na mwezi wa saba wa mwaka uleule, katika siku chache tu, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma. Munigi ilikuwa moja ya makambi yao, pamoja na Kibumba, Katale na Mugunga. Kolera iliingia, na karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wenye kukumbuka wanasema kwamba usiku ule nyota hazikuonekana: moshi wa maelfu ya mioto ya kupikia ulifunika kila kitu, na juu ya moshi kulikuwa wekundu wa mulima. Wakimbizi wengi walikuwa wamekulia na hadithi ileile ya Ryangombe. Mutu anaweza kuwaza walichofikiri.

Mwaka 2002 ulipoingia, ziwa la moto halikuwa tena linawaka ndani ya shimo. Vijana wengi walidhani mulima umezeeka. Asubuyi ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ubavu wa kusini ulifunguka, na ufa ukashuka kilomita nyingi mupaka hapa Munigi. Nasema hapa, kati ya mashamba yetu. Lava iliyotoka karibu na Munigi ilipita kwenye uwanja wa ndege, ikakata muji katikati, ikafunika kanisa kubwa la Mutakatifu Yosefu, na ikaingia ziwani. Karibu sehemu 13 kwa 100 za muji zilifunikwa. Watu zaidi ya 300,000 walivuka kwenda Gisenyi.

Sasa munaelewa lile neno la tate. Mwaka 1977, mwaka 2002, na kama tutakavyoona mwaka 2021, moto haukumwagika kutoka juu kama sufuria inayochemka. Ulitoka mbavuni na miguuni. Mutu aliyeangalia kichwa cha mulima peke yake hakuona kitu kinachomuhusu.

Usiku ule nilikuwa kijana, nimelala juu ya kilima upande wa Gisenyi na mufuko wa maharagi chini ya kichwa. Mwezi ulikuwa mudogo, wa siku nne, na ulizama mapema. Mbingu ilikuwa nyekundu, lakini mara hii wekundu haukuwa kaskazini juu ya mulima. Ulikuwa katikati ya muji wetu. Mutu mumoja karibu nami alikuwa anahesabu kwa sauti makartie yanayoungua: hii ni ya kwetu, hii si ya kwetu. Tate alikuwa anatuhesabu sisi.

5. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021

Baada ya 2002, katika mwaka uleule, ziwa la moto lilirudi, na mbingu yetu ikawa nyekundu tena karibu miaka 19. Watalii walipanda kutoka Kibati pamoja na walinzi wa parki ya Virunga na kulala kwenye vijumba vya juu ili waone ziwa usiku. Kwa vijana wa muji wekundu ule ukawa pambo tu, kitu cha kupiga picha. Na jirani yake, Nyamulagira, alikuwa anawaka mara kwa mara naye, upande wa magharibi, kwa mufano mwishoni mwa 2011. Watu walizoea. Kuzoea ndiyo ilikuwa hatari yenyewe.

Wakati huohuo, wale wenye kazi ya kuchunguza mulima kwa mitambo, Observatware ya Volkano ya Goma, walikuwa na shida. Musaada mumoja mukubwa wa inje uliisha mwaka 2020, na kwa miezi mingi walikosa hata intaneti ya kupokea habari za mitambo yao.

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, kabla ya saa moja ya jioni, mbingu ilikuwa nyekundu kupita kawaida. Katika saa za kwanza kulikuwa mabishano hata kati ya wakubwa: ni Nyiragongo ao ni Nyamulagira? Telefone zilijaa picha na uvumi. Umeme ulikatika sehemu nyingi za muji. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne ujae. Kwa Munigi, wazee hawakungoja tangazo. Mama mudogo alitoka inje, akaangalia, na kusema maneno mawili tu: "Iko chini." Watoto walikuwa tayari wamevaa viatu.

Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikaunguza vijiji vya teritware ya Nyiragongo, ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengine kwa ajali za barabarani katika kukimbia. Udongo ulitetemeka siku nyingi, na tarehe 27 gavana aliamuru watu wa makartie kumi watoke. Mamia ya maelfu walienda Sake, Rutshuru, Rwanda. Nao wakarudi. Ziwa la moto lilikuwa limemwagika, na wekundu umekufa tena juu ya mulima. Miezi michache baadaye wekundu mudogo ukaonekana tena ndani ya shimo.

Sisemi kwamba desturi ya tate ilishinda mitambo. Hapana. Macho ya mutu hayaoni kinachotembea chini ya udongo, na mitambo inaona. Nasema tu kwamba siku ambayo mitambo ilikosa sauti, wale waliokuwa na mazoea ya kuangalia kila jioni walipata dakika ambazo wengine hawakupata. Mutu anayeangalia siku moja tu hawezi kujua kama leo ni tofauti na jana.

6. Taa za muji

Nilisema mwanzoni kwamba giza na mwanga vimebadilishana pahali. Goma ya leo inakadiriwa kuzidi watu milioni moja, na imepanda mupaka kugusa Munigi. Tangu zamani ilitegemea umeme wa Ruzizi, ambao ulikatwa mara kwa mara. Mwezi wa kumi na mbili 2015 kituo cha maji cha Matebe, kule Rutshuru, kilifunguliwa, na nyaya zikafika Goma. Barabara zikapata taa, maduka yakapata taa, na kusini ya Munigi kukawa na wingu jeupe la mwanga usiku kucha.

Mutu asinielewe vibaya. Nimeona mama akizaa kwa mwanga wa tochi ya telefone. Nimeona wezi wanavyopenda giza. Na vita vimetufundisha giza la aina nyingine: kuzima taa mapema ili nyumba isionekane. Mwaka 2012 na 2013 mapigano yalifika hapahapa Munigi na Kibati. Kuanzia mwaka 2022 waliokimbia vita walijaa Kanyaruchinya, jirani yetu. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024, siku saba tu kabla ya ile picha nzuri ya Kanada, mabomu yaliua watu katika kambi upande wa Mugunga. Na mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia Goma, tulijifunza tena kwamba mwanga unaopita mbinguni unaweza kuwa si nyota. Hakuna mutu mwenye akili atakayewaambia watu wa Kivu wapende giza tu bila sababu.

Lakini kuna hasara, na tuihesabu. Mwaka 2016 wataalamu waliochora ramani ya mianga ya usiku walisema kwamba mutu mumoja kwa watatu duniani hawezi tena kuona ile njia nyeupe ya nyota inayokata mbingu. Watoto wa Goma wameanza kuingia katika hesabu hiyo. Juzi niliwauliza watoto wa kartie moja wanionyeshe Kilimia. Walinionyesha taa ya mnara wa telefone. Na taa ileile inayoziba Kilimia inapunguza pia wekundu wa mulima kwa macho: mutu aliye chini ya taa kali, hata akiangalia kaskazini, anaona weusi tu.

Dawa yake si kuzima umeme. Taa inayomulika juu inamulika ndege na mawingu, na feza yake imepotea. Taa yenye kifuniko juu, inayomulika barabara, inatosha, na nyota zinabaki. Kuna pahali ambapo watu wamelinda giza lao kama tunavyolinda sokwe wa Virunga: NamibRand, kule Namibia, ilitambuliwa mwaka 2012 kama hifazi ya mbingu ya usiku, ya kwanza Afrika, na wageni wanaenda huko kulala chini ya nyota. Sisi tuna nyota za pande zote mbili, na mulima wa moto kwa nyongeza. Tunachokosa ni amani.

7. Mwisho

Kwa kumaliza, ndugu wasomaji, naomba mambo matatu yanayowezekana katika nyumba ya mutu maskini.

La kwanza: jioni moja kwa juma, tutoke inje na watoto, tuzime taa kwa nusu saa, tukae pahali pa juu na si katika shimo. Tuwaulize swali la tate: leo moto iko namna gani, na wingu liko wapi? Tuwafundishe kuangalia kichwa cha mulima na mbavu zake pia.

La pili: tuwafundishe kwamba macho hayatoshi. Observatware ina rangi zake nne za onyo, kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Mutoto azijue kama anavyojua majina ya ndugu zake. Uvumi wa telefone usichukue pahali pa vyote viwili.

La tatu: wazee wenye kujua majina ya nyota kwa Kikumu, kwa Kinyarwanda, kwa Kihunde, kwa Kinande, watuletee. Tutayaandika katika kitabu kinachofuata, kila jina na kazi yake, mwezi wake na saa yake. Tate alikufa na mengi ambayo sikumuuliza, kwa sababu nilidhani mbingu iko pale kila siku na yeye vile vile.

Ndugu yangu wa Kanada alipiga tena telefone baadaye. Alitaka kujua ile hadithi ya viatu, maana watoto wake wanamuuliza kwa nini bibi yao alicheka. Mama mudogo alichukua telefone, akawaambia watoto wale, ambao Munigi hawajaiona kamwe, watoke inje usiku ule wakaangalie Kilimia. "Hata sisi tutaiona," aliwaambia. "Ni ileile moja. Lakini muvae viatu."